Kuwasaidia wazazi kabla ya Januari: tutoe fedha au vifaa?

Mama wa Kihesa anauliza:

Salaam kwenu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 22 hapa Iringa. Katika kikao cha Julai tumekubaliana kwamba sehemu ya mfuko wetu wa jamii, ambao kwa kawaida huenda kwenye misiba na wagonjwa, izisaidie familia 9 za mtaani kwetu zenye watoto watakaoanza darasa la kwanza au kidato cha kwanza mwakani. Ada iliondolewa tangu Januari 2016, na hilo limetupunguzia mengi, lakini sare, viatu, madaftari na begi bado vinamsubiri mzazi, tena katika mwezi mgumu kuliko yote, kwa sababu kwetu huku fedha ya mahindi ya msimu uliopita huwa imekwisha na kilichobaki kimeingia shambani kuwa mbegu na mbolea.

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaotaka tuwape wazazi fedha mkononi Desemba tutakapovunja mzunguko, yaani kugawana akiba ya mwaka, na wapo wanaotaka tununue vifaa wenyewe, wakihofia kwamba fedha ya mtoto itaishia kwenye deni la dukani. Naomba ushauri wa aliyewahi kulifanya jambo hili.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza anajibu:

Dada katibu, hongereni. Ningeshauri myatenganishe makundi hayo mawili, maana shida yao si moja. Mtoto wa darasa la kwanza anajulikana mapema: uandikishaji huanza Oktoba, shule ni ile ya jirani, na sare yake ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu iliyokoza, kinachotofautiana sana ni rangi ya sweta. Huyo mwandalieni tangu sasa. Anayetarajia kidato cha kwanza ndiyo kwanza anangojea mtihani wa Septemba, na shule atakayopangiwa hutangazwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo mkimshonea sketi leo mtakuwa mmebahatisha rangi. Mnunulieni kaunta buku, kalamu na mkebe wa vifaa vya hisabati, kisha fedha ya sare ikae kwa mweka hazina mpaka fomu ya kujiunga ipatikane.

Tafadhali waambieni wazazi pia kwamba kukosa sare si sababu ya kumficha mtoto nyumbani. Wiki za mwanzo ndipo tunapofundisha kushika penseli na kutamka sauti za herufi, na anayekuja mwezi wa pili huwakuta wenzake wameshaanza kuunganisha silabi. Inaniuma kila mwaka kumwona mtoto wa namna hiyo akitazama mdomo wa jirani yake ili aseme alichosema.

Fundi Cherehani anajibu:

Mama katibu, nimeshona sare kwa miaka mingi, na ninachowaomba ni kimoja: njooni Agosti. Januari foleni inafika mlangoni, tunashona hadi usiku wa manane, na nguo ya haraka hufumuka kwenye mfuko kabla muhula haujaisha. Badala ya kila mzazi kukatiwa mita moja moja, nunueni jora la tetroni kwa pamoja, kisha mwambieni fundi aache pindo la vidole vinne na akiba kiunoni, ili mtoto akirefuka lifumuliwe tu na kushushwa.

Viatu visinunuliwe mapema, kwa kuwa mguu wa mtoto hausubiri. Mke wangu hukata kijiti cha ufagio kwa urefu wa unyayo, akaongeza upana wa kidole gumba, kisha akafungia kikaratasi chenye jina kwa uzi. Ukienda sokoni na vijiti vyako, unaingiza kijiti ndani ya kiatu na hubishani na muuzaji habari za namba.

Mzazi Aliyesaidiwa anajibu:

Naomba niseme kutoka upande wa kupokea. Mwanangu aliitwa mbele ya wenzake mstarini, akakabidhiwa begi lenye maandishi makubwa ya waliolitoa, akapigwa picha. Begi lilikuwa imara na nilishukuru kwa moyo wote. Alilibeba siku mbili, na siku ya tatu nikamwona anatoka na madaftari ndani ya kiroba. Nilipombana akasema darasani wanamwita kwa yale maandishi. Dada zangu, mpelekeeni mzazi nyumbani, jioni, ili mtoto apokee kutoka mkononi mwa mama yake. Na kabla ya kununua, muulizeni anachokiweza. Mimi ningeulizwa, ningesema soksi na madaftari nitavipata, viatu ndivyo vinavyonishinda.

Mama wa Kihesa:

Asanteni sana. Nimewasomea wenzangu, na kisa cha begi kimemaliza ubishi. Jora tutalinunua mwezi huu kwa watoto 6 wa darasa la kwanza, na kila familia itatembelewa na mwanakikundi mmoja anayeifahamu. Limebaki moja: mmoja wa watoto hao ni yatima anayelelewa na bibi yake, na hana cheti cha kuzaliwa. Mwalimu, tuanzie wapi?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza:

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa mpate barua ya utambulisho, halafu mkusanye chochote kinachoonyesha alipozaliwa, kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, mkakiulizie cheti kwa msajili wa vizazi wa wilaya. Bibi asiende peke yake, kwa sababu huenda akaambiwa arudi zaidi ya mara moja. Hata kama cheti kitakuwa hakijatoka, Oktoba mpelekeni mtoto shuleni akaandikishwe, na mwende na kadi hiyo ya kliniki.