Daktari anasema kiharusi kilikuwa kidogo, mzee anasema amepona asilimia 30. Nani asikilizwe?

Kobazi (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naombeni ushauri.

Mgonjwa ni mzee wa miaka 61, fundi cherehani, hutumia mkono wa kulia. Kiharusi cha damu kuganda, ubongo upande wa kushoto, miezi minne sasa. Karatasi ya kuruhusiwa ina vipimo vitatu: NIHSS 3 (ukali wa kiharusi), Rankin 2 (kiwango cha ulemavu) na Barthel 95 kati ya 100 (kujimudu kila siku). Tuliambiwa ni kiharusi kidogo, tumshukuru Mungu. Anatembea bila fimbo, anaoga na kula mwenyewe. Ila ukimuuliza amepona kiasi gani, anajibu asilimia 30. Mazoezi kaacha, cherehani haigusi, mkono wa kulia kutwa uko mapajani. Kaka mkubwa anasema mzee anajidekeza, mama anasema kakata tamaa.

Tufuate karatasi au tumfuate mzee? Na tuanzie wapi?

Fizio wa Bara

Pole kwa kuuguza, mkuu. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anahesabu kuanzia siku yake. Daktari anaanzia siku mzee alipopokelewa wodini. Mzee anaanzia siku moja kabla, alipokuwa bado anapitisha uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja.

Zitazame hizo namba. NIHSS inakwenda 0 hadi 42, kubwa ndiyo mbaya, na kazi yake hasa ni ya siku za mwanzo. Mkono unapimwa hivi: mgonjwa anaunyoosha mbele, nyuzi 90 akiwa ameketi au 45 akiwa amelala, anaushikilia sekunde 10. Mguu ni sekunde 5. Usiposhuka, unaandikiwa 0, yaani mzima. Vidole havina alama hata moja. Kwa hiyo fundi anaweza kuandikiwa mkono mzima na bado ashindwe kufunga kifungo cha shati lake.

Barthel ina vipengele 10: kula, kuoga, kujisafi uso na meno, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea, kupanda ngazi. Mkasi haumo. Kuhesabu chenji hakumo. Kukaa kazini kutwa bila kichwa kuchoka hakumo. Hiyo 95 inamaanisha karibu hahitaji msaidizi, basi.

Sasa Rankin 2. Maana yake kamili: anajimudu mambo yake bila msaada, lakini hawezi kufanya yote aliyokuwa akiyafanya. Karatasi mnayomwonyesha mzee ndiyo inayomtetea!

Neno "kidogo" lifutwe nyumbani kwenu. Akilisikia, anaelewa kwamba hamjaona alichopoteza, na mtu asiyeaminiwa hafanyi mazoezi.

Bi Tabasamu

Naongezea hapo kwenye kukata tamaa, maana si la kupuuza. Karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na sonona hushusha ile asilimia anayojipa mtu hata kama mkono unaendelea vizuri. Mwombeni mhudumu wa afya amfanyie PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ipo ya Kiswahili. Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, jumla 0 hadi 27. Akifika 10 kwenda juu anahitaji tathmini ya kina. Swali la tisa ni la mawazo ya kujidhuru: akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", siku hiyohiyo apelekwe, msingoje jumla.

Angalieni mtego mmoja. Maswali ya usingizi, uchovu na umakini hupanda kwa sababu ya kiharusi chenyewe. Uchovu wa kiharusi hauishi kwa kulala, na humpata hata mwenye kiharusi mnachokiita kidogo. Ukiona uchovu upo lakini bado anacheka na wajukuu na anafuatilia mpira, huenda si sonona. Mpangieni kazi nzito asubuhi, apumzike kabla hajachoka.

Na msimnunulie fluoksetini (dawa ya sonona) dukani kwa kusikia inarudisha viungo. Jaribio la Uingereza lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, majibu yake yalitoka 2018, liliwapa miligramu 20 kwa siku kwa miezi 6: urejeo wa viungo haukuongezeka, mifupa kuvunjika kuliongezeka. Sonona ikithibitishwa, dawa achague daktari.

Chumvi Kidogo

Samahani mwenye uzi, naomba niulize kinyume chake. Mgonjwa kapooza upande wa kushoto, wiki ya tatu, anasema haumwi kitu. Kaanguka kitandani mara mbili akitaka kwenda zake sokoni. Huyu ni ubishi?

Neva na Nukta

Si ubishi. Ubongo wa kulia ukiumia, sehemu inayotoa taarifa za upande wa kushoto inaweza kuzimika, mgonjwa akawa hajui kwamba kapooza. Babinski, daktari wa neva wa Ufaransa, aliliandika jambo hili mwaka 1914. Kubishana naye hakusaidii, mnamchosha bure. Mpe kazi ya mikono miwili, mfano kukunja shuka, kisha muulize kwa upole nini kimegoma. Godoro lishushwe chini, na akiwa macho mtu awe karibu. Kengele au simu ya kuitia ikae kulia, upande anaouona. Mazungumzo na chakula vimvute kushoto kidogo kidogo. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki au miezi, ila mwambieni daktari sasa, kwa sababu anayejiona mzima hatumii vidonge vya presha, na kiharusi cha pili hakisubiri.

Jambo jingine wengi hawalijui: katika alama 42 za NIHSS, 7 zinahusu lugha, 2 tu zinahusu kusahau upande mmoja wa mwili. Lugha kwa wengi hukaa ubongo wa kushoto, kwa hiyo madhara ya ukubwa uleule yakiwa ubongo wa kulia, namba hutoka ndogo kuliko yakiwa wa kushoto. Usidanganyike na namba ya huyo wako.

Kobazi

Asanteni sana. Kaka nimemtumia uzi mzima. Sasa huo mkono tunauamshaje?

Fizio wa Bara

Kwanza acheni kuuliza "umepona asilimia ngapi". Achague mwenyewe kazi tano, si nyinyi. Kila kazi aipe alama mbili, 1 hadi 10: anaiweza kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Andikeni tarehe, rudieni baada ya wiki nne bila kumwonyesha za zamani kwanza. Alama ikipanda 2 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya kweli. "Kushona" ni kubwa mno, ivunjeni: kushika mkasi, kukata kwenye mstari wa chaki, kufunga kifungo, kupitisha uzi, kuongoza kitambaa chini ya sindano.

Pili, mkono uliokaa bila kazi unajifunza kukaa. Wa kushoto umekuwa unamfanyia yote, ubongo ukazoea. Kama anaweza kuinua kiganja na vidole japo nyuzi 10, mtaalamu wa mazoezi tiba anaweza kumwanzishia mpango wa kuufunga glovu mkono wa kushoto, ule usioumwa, ili wa kulia ulazimike kufanya kazi. Mpango wa asili ni saa 6 za mazoezi kwa siku, wiki 2, glovu asilimia 90 ya muda akiwa macho. Nyumbani hamtauweza; anzeni saa 2. Glovu ivuliwe kwenye ngazi, jikoni na akishika chai ya moto.

Tatu, hesabuni marudio. Watafiti wa Marekani mwaka 2009 walikuta kipindi cha kawaida cha mazoezi kina wastani wa marudio 32 tu ya kazi za mkono. Ni kiduchu. Lengeni 100 kwa siku, mpandishe polepole kuelekea 300, mkigawa asubuhi na alasiri. Bega likiuma, simamisheni, na kamwe msimnyanyue kwa kumvuta mkono huo.

Pimeni kila Jumamosi: vifungo 20 mezani, bakuli pembeni, dakika moja, ameingiza vingapi. Hiyo namba ataiamini kwa sababu kaihesabu mwenyewe.

Kobazi

Vifungo vya ukubwa gani?

Fizio wa Bara

Anzeni na vya koti, milimita 20 hivi, juu ya taulo ili visiteleze. Akimaliza vyote 20 kabla ya dakika kuisha, ondoeni taulo. Vya shati baadaye.