Machipukizi ya zabibu yamejaa baada ya kupogoa, niyaache au niyatoe?

Mwenye nusu ekari, Hombolo: Habari wakuu. Shamba langu la zabibu aina ya Makutupora nyekundu nililipogoa mwezi jana. Sasa macho ya matawi yamefumuka kwa fujo, sehemu nyingine machipukizi matatu yanatoka pamoja, na chini kwenye shina nako kunachipua. Roho inaniuma kukata kitu kibichi namna hii. Mnafanyaje?

Mkulima wa Mpunguzi: Dada, toa bila huruma, na toa mapema. Yakifika urefu wa kiganja yanavunjika kwa mkono, huhitaji mkasi. Acha moja, lile lenye kichala kichanga na lililo karibu na mkono mkuu wa mzabibu. Ya shinani ondoa yote, yanakula tu. Yanayobaki yafunge kwenye waya kabla upepo wa Dodoma haujayavunja.

Mwenye nusu ekari, Hombolo: Asante kaka. Na salfa ya kuzuia ukungu nianze kupiga lini?

Mkulima wa Mpunguzi: Mapema, majani yakiwa bado machanga. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, hausubiri mvua, kivuli cha majani yaliyosongamana kinautosha. Piga asubuhi, kwenye jua kali salfa inaunguza majani.

Bibi shamba, Mvumi: Naongezea: usimwage urea sasa. Utapata msitu wa majani na vichala vyepesi. Samadi iliyooza vizuri inatosha. Pia kagua mashina, mchwa wa huku hawana adabu.