Yunioni ndio imetuponza ama ni sisi wenyewe?

Kijana wa Kaptembwo
Wasee niaje, niko Nakuru kwa kiwanda fulani, nimekaa na mashini miaka 11. Wiki jana menejimenti wametuita kantini wakasema watu 60 watapigwa kalamu juu yunioni ilisukuma CBA, ule mkataba wa yunioni na kampuni, ikapandisha mshahara na pesa ya nyumba, ati kampuni haiwezi tena. Mtu wa yunioni amekaa hapo mbele anaangalia simu tu. Sasa wengine wanasema tukubali kukatwa mshahara ndio wote tubaki, wengine hata shilingi hawataki. Kwa ukweli nani ametufikisha hapa?

Nyar Manyatta
Pole ndugu. Mzee wangu alikuwa KICOMI, kile kiwanda cha nguo hapa Kisumu, ilianguka miaka ya 90 na si mishahara iliiua, ni mitumba na usimamizi mbovu. Hata Eveready hapo kwenu walipofunga 2014 kilio kilikuwa betri rahisi za kutoka nje. Mshahara wa mtu wa mashini ndio huwa rahisi kuonyesha kidole.

Baba Bekari
Msikimbilie kulaumu mwajiri pia. Niko na bekari Kakamega, watu 9. Stima, unga, halafu ile ushuru ya nyumba mfanyikazi anakatwa 1.5% na mimi naongeza 1.5% yangu. Mkiongezwa na bei ya mkate haipandi hiyo pesa inatoka wapi??

Shopstuadi Mstaafu
@Baba Bekari sawa, lakini faida ikiwa nzuri huwa unawaita wakuone ukigawa?

Kijana, wacha niseme kitu hainifurahishi. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyikazi miaka mingi na tulikubali vibarua waletwe na ajenti bora sisi permanenti tusiguswe, tukaona tumeshinda. Kila mtu akistaafu nafasi yake inaingia kibarua, halipi ada ya yunioni, hana sauti, na siku tulitaka kugoma mashini hazikusimama hata dakika moja. Hiyo ni kosa yetu, si ya mdosi.

Sasa wewe, kabla kujadili kukatwa mshahara ombeni vitabu vya hesabu, na muulize mameneja wanakatwa ngapi. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 inataka yunioni na afisa wa leba wapewe notisi ya mwezi mmoja, na kila mwaka uliomaliza ulipwe si chini ya siku 15. Miaka 11 ni siku 165 hizo, bila kuhesabu likizo hujaenda. Usisaini karatasi yoyote ya "nimeacha kwa hiari".

Kijana wa Kaptembwo
Eish, hiyo karatasi ilikuja leo asubuhi! Wanne washasaini. Nimeuliza yunioni kama walipata notisi naambiwa mtu wetu yuko semina Mombasa. Kesho naenda ofisi ya leba na wenzangu watatu, na kuna kibarua mmoja ameomba tumbebe pia, nimemwambia twende.

Nyar Manyatta
Bebeni payslipi zote.