Ati wahamiaji wa zamani Marekani walijitegemea? Tujadili

Wadau, kila hoja ya misaada kwa wahamiaji ikizuka Marekani, jibu huwa lilelile: wa zamani walifika mikono mitupu, wakasaidiana wenyewe, serikali haikuwapa hata senti. Siuiti uongo. Ni ukweli uliokatwa nusu.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliojazana Lower East Side, New York, kweli walikuwa na vyama vya watu wa mji mmoja, vya kufa na kuzikana hasa. Unalipa ada, ukiugua unapata daktari na posho kidogo, ukifa kaburi lipo. Mwaka 1892 ikaanza Hebrew Free Loan Society kwa mtaji wa dola 95, ikikopesha bila riba. Badala ya rehani, ulileta mdhamini.

Sasa ile nusu nyingine. Sheria ya uhamiaji ya 1882 ilimzuia kushuka melini yeyote aliyeonekana atakuwa mzigo kwa umma. Kuomba msaada wa serikali kulitisha; kutouomba, basi, hayakuwa maringo. Halafu mfuko wa chama cha aina hiyo hutosha familia moja ikikwama huku nyingine zina kazi. Desemba 1930 Bank of United States, benki binafsi ya New York licha ya jina lake, ilifungwa ikiwa na wenye akaunti zaidi ya 400,000, wengi wao Wayahudi wahamiaji. Mchangaji na mchangiwa wakajikuta foleni moja.

Mchangiaji wa kwanza: Kwa 1930 nakubali. Lakini ofisa anataka karatasi, jirani anajua mumeo kalazwa tangu Jumatatu. Serikali ikibeba yote, nani atabisha hodi?

Mchangiaji wa pili: Jirani huyohuyo ndiye atakayekutangaza mtaa mzima! Na mashirika makubwa ya hisani enzi hizo yalituma wakaguzi hadi chumbani kwako, wahakikishe unastahili. Hodi ya namna hiyo mwenyewe unaitaka?

Mleta mada: Hodi ya jirani siikatai, hata ya mmbeya. Ninachokataa ni mwanasiasa kuifanya kisingizio. Sheria ya 1996 iliwanyima kuponi za chakula wahamiaji wengi waliokuwa nchini kihalali, wanaofanya kazi na kulipa kodi. Anayeitetea aniambie: makanisa, misikiti na masinagogi yangetoa wapi fedha za kuziba pengo lile, mwezi baada ya mwezi?