Waliowahi kuvaa kufiya, shemaghi au kilemba cha Kiarabu: mlikutana na nini? Tupeane uzoefu

Muuza Kanzu

Wakuu, habari za wakati huu.

Nauza kanzu, kofia na skafu Kariakoo. Katika bidhaa zangu zote hakuna inayonunuliwa na watu wasiofanana kama hizi skafu za drafti. Asubuhi anakuja bodaboda anataka nyekundu ya kujizibia vumbi. Adhuhuri shehe anachukua ya kutupia begani juu ya kanzu. Jioni kijana wa chuo, suruali ya kubana, anaomba "ile nyeusi na nyeupe ya Arafat". Ukimuuliza Arafat ni nani, anaangalia simu. Ikifika Desemba walimu wa shule ya Jumapili wanabeba za jumla kwa ajili ya wachungaji wa kondoo wa Bethlehemu kwenye igizo la Krismasi.

Kwa wasiojua, kwa kifupi tu. Nyeusi na nyeupe ni kufiya ya Wapalestina, ndiyo aliyokuwa akivaa kiongozi wao Yasser Arafat. Zamani ilikuwa ya wakulima na wafugaji, watu wa mjini walivaa tarbushi. Kwenye uasi wa 1936 hadi 1939 dhidi ya Waingereza waliokuwa wakiitawala Palestina, wapiganaji wengi walikuwa wa vijijini, na kufiya zao ziliwachongea kila walipoingia mjini. Mwaka 1938 viongozi wao wakaamuru wanaume wa mjini nao wavue tarbushi wavae kufiya, ili askari wa Kiingereza ashindwe kumtofautisha mpiganaji na muuza duka. Kitambaa cha kukinga jua kikaingia kwenye siasa na hakijatoka mpaka leo. Nyekundu na nyeupe utaikuta sana Jordan, ambako ilikuwa vazi la jeshi lililoongozwa na Mwingereza Glubb, na Saudia, ambako inakaa juu ya kofia ndogo na kushikwa na kamba nyeusi ya agali. Oman wana kilemba chao, hadithi nyingine kabisa.

Sasa ninyi mnaovaa: uliivaa wapi, ukaambiwa nini? Ubishi wa dini ipi bora tuuache nje, tafadhali.

Dereva wa Nyika

Naendesha watalii, Serengeti na Ngorongoro. Kiangazi vumbi la kule linaingia mpaka kwenye meno, na barakoa ya dukani haisaidii kitu. Shemaghi, jina jingine la hizi skafu, ndiyo mpango mzima. Unaikunja pembetatu, ule mkunjo unakaa kwenye paji la uso, upande mmoja unauacha mfupi. Upande mrefu unaupitisha chini ya kidevu, unaziba pua na mdomo, unauzungusha juu ya kichwa, unafunga kisogoni na ule mfupi. Ukimwagia maji kidogo, hewa unayovuta inakuwa ya ubaridi. Wageni wengi wakishaona wananiomba niwafunge na wao.

Yangu ya siku zote ilikuwa ya kijani na nyeusi. Mzee mmoja wa Kimarekani akaishika, akaniambia alivaa ya rangi hiyo hiyo jeshini Iraq. Akawa rafiki yangu safari nzima, hadithi za jangwani haziishi. Baadaye ile ya kijani ikachakaa, nikanunua nyeusi na nyeupe kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, sina chama mimi. Familia moja nikaipokea uwanja wa ndege. Baba akaniangalia, akaniangalia tena, akaniuliza kwa upole kama ninaweza kuivua. Nikaivua, ni mgeni wangu. Jioni kambini dada mmoja wa kundi jingine akaniona nimeitundika kwenye kioo cha Landkruza, akaninyanyulia ngumi na tabasamu. Gari lile lile, kitambaa kile kile, siku moja!

Siku hizi nabeba ya kaki. Vumbi halina habari na rangi.

Boda Mzoefu

Sisi tunajikinga vumbi na moshi wa malori tu. Hayo mengine tunayasikia hapa hapa.

Mzee wa Ilala

Muuza Kanzu, huyo kijana anayeangalia simu mlete kwangu.

Miaka ya 1970 mji huu ulikuwa umejaa wapigania uhuru. Wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Namibia, wa Zimbabwe. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakawa na ofisi Dar es Salaam. Kufiya tuliiona magazetini kichwani mwa Arafat kabla hatujaiona dukani. Ile picha ya mpiganaji wa Kipalestina Leila Khaled ya mwaka 1969, binti ameshika bunduki na kufiya kichwani, wenzangu waliikata gazetini wakaibandika ukutani karibu na picha ya Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji. Kwetu vilikuwa kitu kimoja.

Niliipata yangu kwa mwenzangu aliyerudi safari ya nje. Nilipovaa kazini mkubwa wangu hakuniuliza siasa, aliniuliza kama naumwa shingo. Kwa hiyo msidhani kila aliyeiona zamani aliielewa. Uhusiano na Israel ulirudishwa 1995, yangu ikaliwa na nondo kabla ya hapo.

Mama Ibada

Shikamoo Mzee wa Ilala.

Mimi ndiye mnunuzi wako wa Desemba, Muuza Kanzu, ingawa huku kwetu Moshi tunanunua sokoni. Igizo la Krismasi bila skafu za drafti halijakamilika. Wachungaji wanavaa nyekundu, Yusufu anavaa nyeupe, kamba ya agali tunaikata kwenye kamba nyeusi ya katani tuliyoipaka rangi. Watoto wanazipenda kuliko mistari yao ya kukariri. Kwa miaka yote hakuna aliyesema neno, maana kwenye picha za Biblia wachungaji wamejifunga hivyo hivyo.

Krismasi ya 2023 nilisoma kwamba kanisa la Kilutheri la Bethlehemu kwenyewe liliweka mtoto Yesu katikati ya kifusi, amefunikwa kufiya. Mimi ni Mlutheri, jambo lilinigusa. Nikapendekeza mtoto wetu naye tumfunike nyeusi na nyeupe. Baba mmoja mzee wa kanisa akaniita pembeni. Hakufoka. Akanikumbusha vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwenye mafunzo ya kilimo, waliouawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7 mwaka ule ule. Akasema, "Mama, katika ibada hii kuna watu wanaomjua mtu anayezijua familia zile. Wataona nini?"

Nilimjibu kuwa watoto wa Bethlehemu na Gaza hawakuwaua vijana wetu. Akasema anajua, na hilo silo aliloniuliza. Tukamfunika mtoto kwa kanga. Mpaka leo sikubaliani naye, na mpaka leo namheshimu. Mwaka uliofuata nikasikia hata Vatikani, Desemba 2024, mtoto Yesu alilazwa kwenye kufiya, yakazuka maneno, na baada ya siku chache kufiya ikaondolewa. Nikamtumia yule baba habari ile. Akanijibu kwa alama ya mikono iliyokutana, sijui aliniombea au aliomba tuache.

Kijana wa Eastleigh

Mimi ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, biashara yangu iko Eastleigh. Hapa wazee wa Kisomali wanaitupia begani, ndevu zimepakwa hina, fimbo mkononi, na huwezi kuwatoa kwa hiyo. Wakati wa baridi ya Julai hata sisi watu wa bara tulinunua, ya pamba ni nzito na bei si mbaya.

Aprili 2014 mambo yakawa mengine. Ulikuwa msako mkubwa baada ya mashambulizi ya kigaidi, watu wanakusanywa, wengine wanapelekwa uwanja wa Kasarani. Nilikuwa natembea na jirani yangu wa duka, Msomali aliyezaliwa Garissa, Mkenya kama mimi. Mimi nimejifunga nyekundu shingoni, yeye amevaa shati na koti. Askari akanishika skafu, akaitisha kitambulisho. Akasoma jina, akaangua kicheko, akaniambia kwa Kikamba niende nyumbani kwa mama. Jirani yangu kitambulisho alikuwa nacho pia. Akapandishwa lori.

Alirudi. Ila watu wakinitania kuhusu skafu siku hizi nawaambia siku ile haikuwa inatafutwa skafu.

Binti wa Majuu

Nasoma Berlin. Huku kufiya ina mambo mengi kuliko mnavyodhani. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walianza kuivaa mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye hata vijana wa mrengo wa kulia kabisa, wale wasiotaka wageni, wakaichukua. Miaka ya 2000 ikawa urembo mtupu, imejaa madukani kwa kila rangi. Baada ya Oktoba 7, 2023 mamlaka ya elimu ya jiji iliziandikia shule kuwa zinaweza kuipiga marufuku.

Nafanya kazi mgahawani mwisho wa wiki. Nilifika nimejifunga nyeusi na nyeupe kwa sababu ya baridi na, sitaficha, kwa sababu ya Gaza. Msimamizi akaniambia niivue kabla sijafika kaunta, wateja wasije wakajisikia vibaya. Sawa. Wiki iliyofuata nikaja na ya zambarau, nakshi ile ile ya wavu, matamvua yale yale. Akaniambia imenipendeza.

Nimewaza sana jambo hilo nikiwa naosha vikombe. Msimwonee wivu mtu wa ng'ambo. Marekani, Novemba 2023, vijana watatu wa Kipalestina walipigwa risasi Burlington, Vermont, wakiwa matembezini, na wawili kati yao walikuwa wamevaa kufiya. Canada mwaka 2024 bunge la jimbo la Ontario liliizuia ndani ya jengo lake, mbunge Sarah Jama akaamriwa kutoka ukumbini kwa kuivaa.

Mchunga wa Longido

Kwenye urembo ndipo na sisi tunapoingia. Mwaka 2021 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton walitoa mtandio wenye nakshi za kufiya, rangi ya buluu na nyeupe, dola 705. Rangi za bendera ya Israel, nakshi ya Palestina! Kelele zikapigwa, wakauondoa kwenye tovuti yao. Sasa rudini nyuma: ni nyumba hiyo hiyo iliyopeleka drafti za shuka la Kimasai jukwaani kwenye nguo zake za kiume za mwaka 2012. Bibi yangu hakupata hata kipande.

Mtu wa mjini akivaa shuka letu sikasiriki, nafurahi. Kinachoniudhi ni anayelivaa harusini kwa mbwembwe halafu kesho anatuita washamba. Nadhani Mpalestina naye ana wake wa namna hiyo.

Boda Mzoefu

Dola 705 ni bodaboda iliyotumika hiyo.

Mwana wa Malindi

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, asili yetu Unguja.

Huku kilemba ni kitambaa cha sufi, kizuri ni cha Kashmir, kinafungwa juu ya kofia ya kutarizi. Mwomani akienda kazini serikalini huingia na kilemba, kofia peke yake ni ya nyumbani na sokoni. Vijana wa kwetu waliokulia Darajani wakija huku wanapata tabu ya kufunga kuliko tabu ya lugha. Kinalegea ofisini saa nne asubuhi, unakaa umeshika kichwa kama mwenye homa. Nilifundishwa na ami yangu mbele ya kioo: usikivute kwa nguvu, kizungushe kwa vidole viwili na ukiache kipumue. Mtu wa huku akikutazama unavyofunga anaweza kubahatisha unakotoka.

Rangi nazo zina adabu yake. Kile chenye rangi za Kisaidi ni cha ukoo wa kifalme, ndicho mnachokiona kwenye picha za masultani, wa huku na wa Unguja. Mgeni akikivaa kwa kutokujua watu watanyamaza, ila watakiona.

Nikija Unguja likizo na kilemba changu harusini, wajomba wananiuliza, "Enhe, umekuja kututawala tena?" Wanacheka, na mimi nacheka. Lakini harusi ile ile bwana harusi Mswahili halisi amevaa joho, jambia na kilemba, na hakuna anayemuuliza lolote.

Dereva wa Nyika

Mwana wa Malindi, hilo la wajomba limenichekesha kwa sababu najua si utani mtupu.

Binti wa Majuu

Mimi ningependa kujua ya kweli inatoka wapi. Huku nyingi zimeandikwa China.

Muuza Kanzu

Na mimi zangu nyingi zinatoka huko huko, sitawadanganya. Za bei ya chini ni polista: shika kona uisugue kwa vidole, inateleza na kulia, na jua likipiga inakufanya utoke jasho badala ya kukukinga. Ya pamba ina uzito, nakshi zimefumwa na unazihisi kwa kidole pande zote mbili. Iliyochapwa ukiigeuza nyuma rangi imefifia.

Ya Palestina kwenyewe ni ya kiwanda cha Hirbawi, mji wa Hebron, ambao Waarabu wanauita Al-Khalil. Mzee Yasser Hirbawi alikifungua mwaka 1961, na mashine zake za kufumia ni za Kijapani, Suzuki, zinapiga kelele mpaka leo. Miaka ya 1990 mipaka ilipofunguka kwa bidhaa za nje, za bei rahisi ziliingia na karibu zikiue. Fikirieni: Mpalestina anaandamana na kufiya iliyofumwa China. Siku hizi watu wa nje wanaagiza kwao moja kwa moja. Mimi nilipata chache kupitia mteja aliyepitia Amman, bei iko juu kidogo, na huwa sizitandazi mbele ya duka.

Naomba nijibu na hili nililoulizwa pembeni: ndiyo, namuuzia yeyote. Kijana akitaka ya Arafat namuuzia, na nikiwa sina wateja namweleza kidogo kuhusu 1938. Wengine wanasikiliza.

Mama Ibada

Unatuma Moshi?

Muuza Kanzu

Natuma kwa basi, Mama. Rangi gani?

Mama Ibada

Nyekundu za wachungaji, dazeni moja. Na ile ya Hebron, moja, yangu mwenyewe.