Wakuu, likizo ya tanga visiwani: Shelisheli au Visiwa vya Virgin?

Maji Mafu
Wakuu, poleni na majukumu. Tuko watu wazima sita, tunataka kukodi chombo cha matanga wiki moja, tuzunguke visiwa na kulala humohumo. Nusu yetu wanataka Shelisheli, nusu wanang'ang'ania Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Likizo inaangukia Agosti, ila tunaweza kuisogeza hadi Oktoba. Wawili tumesomea tanga na vyeti tunavyo, lakini tumezoea ziwa. Mke wangu huchafukwa na roho hata akipanda feri. Ratiba nimeshaichora: kila siku kisiwa kipya, hakuna kulala mahali pamoja mara mbili. Je, tuchukue nahodha au tujitegemee? Na katamarani (chombo cha matumbo mawili) au mashua ya kawaida? Natanguliza shukrani.

Joshi na Demani
Mkuu, anza na upepo, picha baadaye. Karibiani msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba ndio moto wenyewe. Irma iliyovifyeka Visiwa vya Virgin ilikuwa Septemba 2017. Kwa hiyo kusogeza hadi Oktoba hakuwasaidii kitu kule. Kama roho iko Virgin, nendeni kati ya Februari na Aprili. Mkondo wa Sir Francis Drake, njia ya bahari katikati ya visiwa hivyo, umekingwa na visiwa pande zote mbili na kituo kinachofuata unakiona kwa macho. Kwa anayeanza ni pazuri mno.

Shelisheli ni habari nyingine. Visiwa vya ndani viko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, vimbunga huvifikia kwa nadra sana. Ila Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, imeshika kasi. Oktoba inalegea, na ukikaribia Novemba bahari inatulia kabisa, hadi unaweza kujikuta unaendesha injini kuliko matanga.

Pima Tano
Mimi ratiba yako ndiyo inanitisha. Kule Shelisheli, Mahé, kisiwa kikuu, hadi Praslin ni kama maili 24 za baharini. Chombo cha kukodi kinakwenda noti 5 au 6 (maili za baharini kwa saa), kwa hiyo weka saa nne hadi tano, na hapo hujabisha, yaani kupanda upepo kwa kukata kona. Kusi ikivuma, mawimbi yanawapiga ubavuni kwenda na kurudi. Shemeji atakulaani. Fanyeni hiyo safari mara moja, mkishafika tulieni huko: Praslin, Curieuse na La Digue ziko karibukaribu, wiki inaisha hamjamaliza ghuba zake. Kulala mahali pamoja mara mbili si dhambi.

La pili, saa ya kufika. Lenga saa nane au tisa mchana. Karibu na miamba unasoma maji kwa macho, na jua lazima liwe juu au mgongoni kwako. Mtu mmoja asimame omo (mbele ya chombo) na miwani ya kuondoa mng'ao: bluu iliyoiva ni kina, kijani cheupe ni mchanga, kahawia ni matumbawe, kaa mbali. Jua likishakuwa mbele yako, maji yote yanang'aa na huoni kitu. Kumbuka pia kwamba karibu na ikweta jua linazama kwenye saa kumi na mbili na giza halichelewi.

Nanga iangukie mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Kina mita 5, omo iko mita 1 juu ya maji, maji yatajaa mita 1 zaidi: hiyo ni 7. Zidisha kwa tano, teremsha mita 35 za mnyororo. Kisha rudi nyuma taratibu kwa injini hadi uukaze, vaa miwani ya kuzamia ukaione nanga ilivyolala. Asiyeenda kuiangalia usingizi wake ni wa kamari.

Kijana wa Tezi
Nahodha wa nini wakati mna vyeti viwili? Anachukua kitanda, analishwa na nyinyi, na faragha imekwisha.

Joshi na Demani
Kijana, ziwani hakuna maji kujaa na kupwa. Mchukueni kwa siku mbili za mwanzo, awaonyeshe kutia nanga na kupunguza tanga kabla mvua ya ghafla haijawafikia, halafu ashuke. Tena msidhani uamuzi ni wenu peke yenu: mwenye chombo anaweza kuisoma historia ya safari zenu akasema bila nahodha hawapi. Ulizeni hilo kabla ya kulipa chochote.

Bi Bamvua
Kwa mgonjwa wa bahari: katamarani hailali upande kama mashua ya kawaida, ila mawimbi ya ubavuni huitikisa kwa kushtukizashtukiza, wengine ndipo wanapochafukwa zaidi. Kwa watu sita bado ningeichukua, nafasi ni kubwa na haihitaji kina kirefu. Dawa anywe kabla ya kung'oa nanga, akianza kutapika umechelewa. Amuulize mfamasia ipi inamfaa. Akae nje, atazame upeo wa macho. Jikoni asiingie, kazi hiyo ni yako.

Na siku ya kukabidhiwa chombo, pigeni video kila kona, hadi panga za injini ya kijiboti. Dhamana nyingi huliwa kwenye michubuko iliyokuwepo tangu zamani.

Maji Mafu
Mmenifumbua macho. Virgin tunaiweka kiporo, tunakwenda Shelisheli Oktoba, nahodha siku mbili. Kijana wa Tezi, usinune. Swali la mwisho: maji ya kuoga yatatosha?

Pima Tano
Ogeni baharini, mjisuuze kwa bomba la nje, sekunde chache kila mtu. Vyombo vya kulia osheni hivyohivyo. Maji ya kunywa yabebeni kando, msiyategemee ya tangi. Na Oktoba chagueni wiki ya mwisho, si ya kwanza.