Niache kazi serikalini nikalime zabibu Hombolo?

Mdau wa Ipagala
Wakuu habari za usiku. Nina miaka 38, mhasibu serikalini hapa Dom, huu mwaka wa 12 kazini, mke na watoto watatu. Mshahara unaingia, bosi sina ugomvi naye, yaani hakuna anayenifukuza. Ila nina heka tano Hombolo nilinunua kabla serikali haijahamia huku, enzi hizo bei bado za kibinadamu, na nikifika kule Jumamosi akili inatulia, Jumatatu narudi kwenye mavocha mpaka jioni nahisi naoza. Nataka nipande zabibu zote tano na niwepo mwenyewe, sio kulima kwa simu. Wife anasema nimerogwa. Mkopo wa benki bado miaka miwili na ushee. Wa kuniponda nao waje tu.

Mzee wa Mpunguzi
Mbukwenyi. Mkuu zabibu sio mchicha. Ukipanda leo mavuno ya kueleweka ni mwaka na nusu mpaka miwili, kipindi chote hicho wewe ni kutoa tu, nguzo, waya, samadi, maji, vibarua. Baada ya hapo ndo unavuna mara mbili kwa mwaka, Februari Machi na Agosti Septemba, unapogolea halafu unahesabu kama miezi minne. Ule msimu wa mvua magonjwa ya ukungu na ubwiri yanakula mpaka ushangae, dawa utapiga weee.
Ila shamba sio shida, shida ni soko. Zabibu ikiiva haikusubiri na mnunuzi analijua hilo, wote tunavuna kwa mpigo, kiwanda kikijaa unaambiwa rudi wiki ijayo huku mzigo unanyauka mtini. Ndo maana wengine tunakamua wenyewe tuuze mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, napo matanki yanataka hela na mchuzi nao unatafutiwa mteja. Miche nenda TARI Makutupora, wale watafiti wa kilimo, uongee nao, usichukue ya jirani kisa ya bure.

Dada Utumishi
Kaka yangu umeongelea shamba tu, makaratasi je? Pensheni ya mwezi PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, inataka michango isiyopungua miezi 180, yani miaka 15, wewe una 12, unaiona hiyo mitatu?? Na fao la kukosa ajira halimhusu anayeandika barua mwenyewe. Mkopo wa benki hauachi kazi na wewe, walikupa kwa kuangalia salary slip. Halafu bima ya afya ya NHIF, nani yupo kwenye kadi yako? Kama unawaza likizo bila malipo ulizia, ila mpaka mwajiri aridhie, usianze kuaga watu.

Chizi Maarifa
Heka tano kwa mkupuo na wife hataki. Utalala shambani na nguzo zako.

Kibaigwa Finest
Msimtishe jamaa bana. Mi niliacha ualimu nikaingia biashara ya mahindi hapa Kibaigwa na sirudi darasani hata kwa dawa. Kinachouma sio njaa, kinachouma ni Januari, ada za watoto zinakuja zote na hakuna meseji ya mshahara, hapo ndo unajua ulikuwa unalipwa. Ila kuhusu kulima kwa simu jamaa yuko sahihi, msimamizi atakwambia dawa imepigwa kumbe kaiuza, af picha anayokutumia ni ya shamba la mwenzako.

Mdau wa Ipagala
Nimewasoma. Dada Utumishi umenipiga pabaya, mama yupo kwenye kadi yangu na ana sukari, dawa ni kila mwezi. Basi barua siandiki kwanza. Napanda heka moja, wikiendi zote nipo kule, mkopo ukiisha ndo nitajua. La soko bado nabisha kidogo, mhasibu mzima siwezi kushindwa kutafuta mnunuzi kabla sijavuna, Mzee wa Mpunguzi utanisamehe. Na kibarua wa kuchimba mashimo kwa siku mnampa shingapi huko?

Mzee wa Mpunguzi
Hahaha mbishi wewe. Kwetu tunalipa kwa shimo mkuu, ukilipa kwa siku watakuchimbia mpaka Pasaka. Njoo PM nikupe namba ya kijana.